Rudisha Koti Ndani

Mume wangu anasoma mita za maji mjini Kericho, na anazisoma kwa baiskeli. Watu wakisikia hivyo wanafikiria kijana mwembamba aliyevaa nguo za kubana. Oketch ana kitambi, miaka yake ni arobaini na kitu, na nguo za kubana hatavaa nikiwa hai. Mimi ni fundi wa nguo, cherehani yangu iko kwenye veranda karibu na soko, kwa hivyo naongea jambo ninalolijua.

Zamani alikuwa anatembea kwa miguu. Sasa mji huu hauna mahali tambarare. Ukienda unashuka, ukirudi unapanda, na katikati kuna mbwa. Jioni alikuwa anafika nyumbani amenyamaza kama redio iliyoishiwa betri. Anakula, anaangalia ukuta, analala. Nikimwuliza siku ilikuwaje, ananijibu, "Ilikuwa." Mimi ni mtu wa maneno mengi, hata kwa wateja nasifika. Kuolewa na mtu wa "ilikuwa" ni adhabu, nasema ukweli.

Halafu binamu yake akahamia Kisumu, akatuachia baiskeli ya gia, ya kijani kilichopauka. Oketch alikuwa hajapanda baiskeli tangu utotoni, na barabara ya mjini ina malori ya majani chai na vijana wa boda wanaokata kona bila kuuliza. Kwa hivyo kitu cha kwanza alichofanya ni kuteremsha kiti hadi mwisho, ili akisimama miguu yote miwili ikanyage chini vizuri. Alikaa pale kama mtu aliyekaa kwenye kigoda akichambua mboga. Nilicheka. Lakini alisema hivyo ndivyo anavyosikia usalama, nikamwacha.

Mvua ya kwetu mnaijua. Asubuhi jua zuri, mchana ukianza kuinama mawingu yanashuka juu ya chai, na kabla hujaanua nguo umelowa. Oketch alikuwa na koti la baba yake. Mzee Owino alitoka Ugenya akiwa kijana kuja kuchuma chai, akazalia watoto wake wote kwenye nyumba za laini za vibarua wa chai, na koti lile refu jeusi la mpira ndilo alilovaa akichuma kwenye mvua. Tulipomzika kule Ugenya, ndugu waligawana redio, viti na kitanda. Oketch aliomba koti tu. Shemeji zangu walimcheka. Mimi sikucheka, maana niliona vile alivyolishika.

Basi akawa anaendesha na koti la mzee, pindo linapepea nyuma, na mji mzima ukamjua.

Jumamosi moja alikuwa anapanda mlima taratibu, kundi la waendesha baiskeli likampita. Mama mmoja mnene mwenye helmeti nyekundu, aliyekuwa nyuma kabisa, hakumpita. Alipunguza mwendo akaenda naye sambamba.

"Sisi tunaenda Kabianga kunywa chai," akamwambia. "Wewe na paiskeli yako unaenda wapi peke yako?"

Oketch akawafuata. Siku hiyo alirudi jioni amechoka, matope mpaka masikioni, akaongea tangu alipoingia mlangoni hadi ugali ulipopoa. Nilikaa pale na mwiko mkononi nikimsikiliza. Niliambiwa juu ya milima, juu ya chai ya maziwa ya Kabianga, juu ya mwalimu wa chuo anayeitwa Kiplimo aliyejaza mursik, maziwa ya kugandishwa kwenye kibuyu, kwenye chupa yake ya maji. Yale maziwa yalichacha zaidi kwa kutikiswa, chupa ikapasuka njiani, na Kiplimo akafika Kabianga ananuka kibuyu. Nilicheka hadi machozi. Nilikuwa nimesahau kwamba mume wangu anajua kuchekesha.

Kundi lenyewe linaitwa Chai Moja, kwa sababu wanakwenda mahali popote, wanakunywa chai moja, wanarudi. Mkubwa wao ndiye yule mama, Mwalimu Chepkurui, wa shule ya msingi, mwenye ng'ombe wa maziwa nje ya mji. Yeye hukaa nyuma daima. Anasema kwao ng'ombe hawavutwi kwa kamba kutoka mbele, wanachungwa kutoka nyuma, ndipo unaona nani anachechemea. Akiwa huko nyuma anapiga kelele za kazi. "Kari nyuma!" akisema, wote wanajipanga kandokando mwa barabara, lori linapita.

Na akaanza kumpigia Oketch kelele.

"Oketch, koti! Rudisha koti ndani!"

Mara ya kwanza Oketch aliona ana haki. Koti la mzee lilikuwa refu, lingeingia kwenye cheni. Akaniomba nilipunguze. Nilisita, maana mkasi ukipita haurudi, lakini nikalikata pindo. Jumamosi iliyofuata mwalimu akasema tena. "Koti inatoka nje. Itakuumiza hiyo." Nikalibana mbavuni. Jumamosi nyingine wakaenda Kiptere, ambako kwenda ni kushuka na kurudi ni kilio, na njia nzima ya kurudi ilikuwa koti, koti, koti. Nikang'oa kola, maana nilifikiri labda ni kola inayojaa upepo. Vile vipande nilivifunga kwenye leso nikaviweka chini ya cherehani. Sikuweza kuvitupa.

Niseme kweli, nilianza kukasirika. Koti lile lilikuwa limekaa vizuri sasa. Mteja angelipia kazi kama ile na kunishukuru. Huyu mwalimu wa watoto alikuwa anaona nini ambacho mimi fundi sikioni?

Wakati huohuo goti la kulia la Oketch likaanza kumuuma. Mwanzo alificha. Kisha nikamwona anashuka ngazi za nyumba kwa kushika ukuta, kama mama yake. Nikampeleka hospitali mwenyewe. Daktari alilibonyeza hapa na pale, akasema hakuna kilichovunjika, ila limechoka. Alipumzishe, lisipigwe na baridi, na kama maumivu hayaishi basi aachane na baiskeli.

Tulirudi nyumbani. Oketch akakaa, akaangalia ukuta. Nikaogopa sana kuliona jicho lile tena.

"Nitaenda Jumamosi moja ya mwisho," akasema. "Niwaage."

"Na Londiani?" nikamwuliza. Kila mwaka Chai Moja wanapanda hadi Londiani, safari yao kubwa, na Oketch alikuwa ameizungumzia Londiani hiyo hadi binti yetu Elmina akaanza kumwita Baba Londiani.

"Londiani si ya mtu wa goti kama hili." Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Tena nafikiri yule mwalimu hanitaki. Anaona aibu kutembea na mtu wa koti la kibarua. Ni vile hawezi kusema wazi."

Sikulala vizuri. Jumamosi akaenda bila koti. Aliliacha kwenye msumari, akavaa sweta tu, na mvua ikamkuta Kapsoit. Alirudi anatetemeka. Nilikuwa nimeweka maji ya moto, lakini hakuoga, alisimama tu katikati ya nyumba akidondoka maji.

"Leo sikuwa na koti," akaniambia. "Sikuwa nalo kabisa, Mama Elmina. Na bado ameniita koti. Mbele ya watu wote. 'Oketch, koti, nimechoka kukuambia.' Hata sikuwaaga. Nimekuja tu."

Ndugu zangu, mimi hasira naijua. Nilirithi kwa mama yangu, ambaye aliwahi kumfukuza dalali kutoka soko la Yala hadi soko la Luanda. Lakini ile ya siku hiyo ilikuwa nyingine. Kumtukana mume wangu, sawa, hata mimi humtukana. Kutukana kazi ya mikono yangu, nitavumilia hadi Jumatatu. Lakini kutukana koti la marehemu, la mtu aliyechuma chai ya nchi hii mpaka mgongo ukapinda? Hilo halikupita kooni.

Jumamosi iliyofuata nilifunga leso ya kichwa, nikatia koti kwenye mfuko, nikashuka hadi kituo cha mafuta wanapokutanikia. Oketch alinifuata na baiskeli yake akinisihi, "Wachana nayo, Dorine, wachana nayo." Akiniita Dorine ujue ameogopa. Sikugeuka.

Walikuwa pale wanajaza upepo kwenye tairi. Nikaenda moja kwa moja kwa helmeti nyekundu.

"Mwalimu, mimi ni Mama Elmina, mke wa Oketch."

"Chamgei, Mama Elmina." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Karibu sana. Leo umekuja kupanda na sisi?"

"Sijaja kupanda. Nimekuja na koti." Nikalitoa, nikalitandika juu ya usukani wa baiskeli yake. "Hili ni koti la marehemu baba mkwe wangu. Nimelikata chini. Nimelibana mbavuni. Kola nimeing'oa. Sasa niambie, na watu hawa wote wasikie, bado lina shida gani?"

Mwalimu Chepkurui akaliangalia koti. Akaligeuza akaangalia ushonaji wa ndani, kama mtu anayenunua. Akaniangalia mimi.

"Hii haina shida," akasema. "Hii ni nzuri sana."

"Basi mbona kila Jumamosi unampigia mume wangu kelele za koti?"

"Mimi?" Alishangaa kweli, nikaona. "Mama, mimi sijawahi kusema mambo ya koti. Mimi nasema koti."

Hata kijana wa kuweka mafuta aliacha kazi.

"Mwalimu," nikasema polepole, "umesikia ulichosema?"

"Nimesikia. Nimesema koti."

"Na mimi nimekuletea koti."

"Si hii koti ya kuvaa. Koti." Akaona sielewi, akainua mguu akaukanyagisha juu ya tairi, akajipiga kwa kiganja. "Hii hapa. Koti. Koti ya mkuu."

Ilikuwa goti. Alikuwa amejipiga goti.

Kiplimo ndiye aliyeanza. Alishika nguzo ya kituo akacheka kimya, mabega tu yanaruka, kisha wengine wote. Mimi nilisimama pale na hasira yangu haina pa kukaa. "Kari nyuma" kila mtu alikuwa anaielewa, maana gari unalisikia likinguruma nyuma yako. Lakini mtu akikuambia koti, na koti unalo mwilini, linapepea, la baba yako, utafikiria kitu gani kingine?

Nikamtazama Oketch. Hakuwa anacheka. Alikuwa ameinama anashika goti lake la kulia, kama mtu anayelisalimia.

"Inatoka nje," mwalimu akamwambia, sasa kwa upole. "Ukikanyaga, koti zote mbili zinaenda huku na huku, kama mtu anapanda punda mnene. Mimi niko nyuma, naona. Kiti yako iko chini sana. Nikakuambia itakuumiza. Kila Jumamosi nakuambia, na wewe unafunga zipu. Nikasema, huyu mtu ana kichwa ngumu. Asiyesikia la mkuu huvunjika kuu. Nikasema, wacha avunjike, atasikia."

Akashika pindo la koti pale nilipolikata, akalipitisha kidole.

"Mama Elmina. Ulikata koti ya mzee kwa sababu yangu?"

"Nililikata."

Akavua helmeti. Macho yake yalikuwa yamejaa. "Pole," akasema. "Pole sana. Baba yangu pia alichuma chai. Hiyo koti tulikuwa nayo nyumbani, hiyohiyo." Na mimi niliyekuja kugombana, nikajikuta nimemshika yule mama begani namwambia haina neno, vipande ninavyo, nimevifunga kwenye leso.

Oketch ndiye aliyetuokoa, maana watu wazima wawili kulia kwenye kituo cha mafuta ni aibu. Akasema, "Kwa hivyo mwalimu, wewe hunifukuzi?"

"Nikufukuze kwa nini? Wewe ndiye unatuongoza vizuri mbele tukishuka milima." Akapangusa pua. "Isipokuwa kitu moja. Huyu Simo ni nani?"

"Simo gani?"

"Kila safari, tukishuka, wewe uko mbele, unapiga kelele, 'Simo! Simo!' Sisi huku nyuma tunamtafuta huyo Simo kushoto na kulia, na tukimtafuta tunaingia kwenye shimo."

Hapo nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye lami. Sisi watu wa ziwa, tuseme ukweli, hiyo "shi" hutushinda, na Oketch wangu alikuwa anawaonya mashimo kwa moyo safi tangu siku ya kwanza, nao wanavunja rimu wakimtafuta huyo Simo. Alijitetea kwamba alisema simo waziwazi. Walimcheka upya.

Siku hiyo hawakwenda mbali. Mwalimu alitoa spana kwenye mkoba wake, akamwambia Oketch akae kwenye baiskeli huku Kiplimo ameishikilia. Kisigino juu ya pedali, pedali iwe chini kabisa, mguu unyooke. Mguu wa Oketch haukukaribia kunyooka. Akakiinua kiti kidogo, akampima tena, akakiinua. Mimi nilitoa futi yangu ya kushonea, nikampima ndani ya mguu kama namkatia suruali, maana naona ni jambo moja: mtu ukimvisha suruali fupi ya kubana, lazima magoti yatafute nafasi nje. Mwalimu akaandika kipimo hicho kwenye bomba la kiti kwa rangi ya kucha, ili kiti kikishuka arudishe palepale.

Oketch alipopanda na kuona yuko juu hivyo, uso ulimbadilika.

"Miguu haifiki chini."

"Haitakiwi kufika," mwalimu akasema. "Ukitaka kusimama, toka kwenye kiti, shuka mbele, weka mguu moja."

Alizunguka pale kituoni kama ndama anayejifunza kusimama. Alianguka mara moja, polepole, kwenye ua wa kituo. Nilitaka kukimbia nimwinue, mwalimu akanishika mkono. Akainuka mwenyewe. Mzunguko uliofuata niliangalia magoti yake kutoka nyuma, na yalikuwa yanapanda na kushuka yamenyooka, kama sindano ya cherehani. Kama mngeniambia mwaka mmoja nyuma kwamba nitafurahia magoti ya Oketch namna ile, ningewauliza kama mmekunywa.

Goti halikupona kwa siku moja. Alilipumzisha kama daktari alivyosema, akarudi kwenye mita kwa kubembeleza, na kila Jumamosi mwalimu alimtuma Kiplimo kuja kuuliza, "Koti inaendeleaje?" Majirani wakafikiri tunaendesha biashara ya makoti. Elmina naye akaanza kuita magoti yake koti, na akianguka shuleni anakuja kuniambia amechubuka koti.

Daktari alikuwa amesema lisipigwe na baridi. Basi nikafungua ile leso chini ya cherehani. Pindo, mbavu na kola, vyote vilikuwepo. Nikavikata, nikaweka flana kwa ndani na lastiki juu na chini, nikamshonea vifuniko viwili vya magoti. Oketch alivivaa akasimama kwenye mwanga wa dirisha. Alivigusa kimoja kimoja.

"Ni koti la mzee?" akauliza.

"Ni la mzee. Hakuna kilichopotea."

Siku ya Londiani nilipanda pikapu ya Kiplimo, aliyekuwa amebeba tairi za akiba, pampu, na mimi na birika zangu mbili za chai. Kiplimo hakuendesha baiskeli, alisema chupa zake haziaminiki. Tulitangulia, tukasimama juu ya mlima mmoja kabla ya Londiani, penye baridi ya kukata masikio, mashamba ya viazi huku na msitu kule. Na mvua ikaja, haikungoja mchana. Nikakaa kwenye pikapu nikiangalia kona ya chini, roho mkononi. Nilijua goti likimshinda pale, baiskeli itarudi kwenye pikapu hii na mume wangu atarudi kwenye ule ukuta.

Wakatokea. Kwanza mmoja, halafu wengine watatu wamekunja migongo, halafu nafasi, na nafasi ile ilikuwa ndefu. Kisha nikaona kitu cheusi. Koti la mzee, fupi sasa, linang'aa kwa mvua, na chini yake magoti mawili meusi yanapanda na kushuka, polepole, hayaendi huku wala huku. Nyuma yake ilikuwa helmeti nyekundu.

"Simo!" Oketch akapaza sauti, na mwalimu nyuma yake akalikwepa shimo bila kumtafuta mtu.

Nilishuka kwenye mvua na kikombe cha chai mkononi. Alinipita bila kusimama, maana ukisimama pale huanzi tena, lakini aliniangalia na akacheka, meno yote nje. Mwalimu Chepkurui alifika anahema.

"Mama Elmina," akasema, "koti iko sawa."

Sikumwuliza ni ipi. Zote mbili zilikuwa zimeshafika juu.